Kasuku wa Wiki Saba

Jumatatu, 3 Machi
Miaka minne na miezi miwili tangu niondoke nyumbani kuja kujenga huku ng'ambo. Mgongo umekufa, saruji imeingia mpaka kwenye meno. Lakini leo nimenunua ndege! Kasuku mdogo wa kijani, hazidi ngumi ya mtoto. Muuza ndege ameapa ana wiki saba tu. Kinda hufundishika kusema. Ndege mzee, basi tena. Mpango: ajue "Baba karudi." Zamu yangu ya likizo ni tarehe 17. Nitaingia nyumbani, ndege anitangaze. Lazima anitangaze. Binti nilimwacha na miaka miwili, na siku hizi kwenye simu ananiita mjomba.

Jumatano, 5 Machi
Brashi, fundi rangi ninayekaa naye chumba kimoja, amemtazama ndege akacheka mpaka akapaliwa. Eti kinda ana mistari myeusi kutoka kisogoni hadi puani, na wangu ana paji la njano tupu. Eti jicho la kinda ni jeusi tii, na la wangu lina duara jeupe. "Kaka, umenunua babu!" Wivu! Duara ni vumbi la saruji. Kazini sote tuna duara jeupe machoni. Na mimi ni babu?

Jumamosi, 8 Machi
"Baba karudi" mara mia nne, nikila, nikifua. Ndege ameninyea begani. Nimempigia mke wangu simu kumwambia viatu vyekundu vya binti viko tayari chini ya kitanda, tangu mwaka ule nilipofika. Akasema, "Baba, mtoto ana miaka sita sasa." Hesabu naijua! Ngozi hutanuka.

Jumatatu, 10 Machi
Msimamizi amebandika orodha ya likizo. Mimi tarehe 17. Brashi mpaka Mei mwakani! Hakugusa chakula cha mchana.

Jumanne, 11 Machi
Ajabu! Nimerudi kutoka kazini, ndege ana mistari! Saba, myeusi, imenyooka kama imepigwa rula, mpaka puani. Brashi ameomba radhi mwenyewe. Eti ilikuwa imefichwa na vumbi. Chumba kizima kinanuka rangi mbichi: amenipakia tundu rangi upya, zawadi. Nilimwonea bure.

Alhamisi, 13 Machi
Brashi amenishauri kama ndugu. Eti kinda wa umri huu hasemi kabla ya miezi mitatu. Nikienda sasa nitafika na ndege bubu, na binti ataniita mjomba uso kwa uso. Akajitolea: achukue zamu yangu, nichukue yake. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Tumeweka dole gumba mbele ya msimamizi.

Jumatatu, 17 Machi
Brashi ameondoka, amevaa koti langu. Mchana nimemwogesha ndege kwenye kopo. Maji yakawa meusi. Paji la njano tupu! Nikakaa sakafuni mpaka king'ora cha kazi kikalia. Nimepiga simu nyumbani kusema siji. Mke wangu akasema binti amesukwa nywele, yuko mlangoni tangu asubuhi. Nikaomba nimsikie. Nilimsikia kwa mbali: "Mama, mwambie mjomba akate, baba asije akapiga akakosa."
Nimekata.

Jumatano, 19 Machi
Nimeerevuka. Mimi hanidanganyi mtu mara mbili! Nimerudi kwa muuza ndege na kitambaa kibichi, nimesugua mapaji kumi na moja huku akinitukana. Nimempata mmoja: mistari haitoki, jicho jeusi kama kaa. Wiki sita kamili. Sasa hapa hakuna mtu anayejua umri wa ndege kunishinda. Yule mzee nimemweka naye tundu moja. Hamwachi mwenzake kwa macho. Viatu nimevipangusa, bado vipya kabisa. Fundi bomba ameniuliza kuhusu zamu yangu ya Mei mwakani, maana ana arusi ya dada yake. Nimemwambia sikatai, tuone kwanza ndege atafikia wapi.
Nyumbani wajue: narudi Mei mwakani, bila kukosa. Ikizidi sana, Septemba.