Nondo wa Brazil Aliyezaliwa Gatitu

Jumatatu, 3 Machi
Bahati imenikuta shambani kwangu hapa Gatitu, Nyeri! Kwenye viazi vitamu vya mke wangu Kabura: kiwavi mnene kama kidole gumba, pembe mkiani. Simu inasema Amerika Kusini viwavi wa namna hii hugeuka nondo wanaoelea hewani kama ndege, ulimi mrefu kuliko mwili. Basi wangu ametoka Brazil. Nimeamua. Jirani yangu Wahome hushinda maonyesho ya mavuno kanisani kila mwaka, ati ana jogoo. Mwaka huu atanijua!

Jumatano, 5 Machi
Brazil yuko ndani ya ndoo yenye udongo. Anakula majani bila kupumzika. Kabura ameapa kumtupia kuku wamle. Wahome amechungulia, akasema huyo ni mdudu wa kukanyagwa. Wivu!

Jumamosi, 8 Machi
Brazil haonekani ndooni. Ameibiwa! Nimemwita Wahome mwizi mbele ya wakwe zake.

Jumamosi, 15 Machi
Kabura alitaka ndoo yake, akamwaga udongo. Brazil huyo! Kumbe alijichimbia mwenyewe. Sasa ni ganda la kahawia lenye mkono kama wa jagi. Nimeenda kwa Wahome kiungwana. Nimemwambia nimemsamehe. Amefunga geti.

Jumapili, 6 Aprili
Ushindi! Jana ganda lilipasuka, akatoka nondo mkubwa wa kijivu. Leo kwenye maonyesho kanisani alilala mchana kutwa ndani ya neti. Watu wakacheka. Jogoo wa Wahome akawika. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mchungaji alihubiri mpaka jua likazama, na majaji wakachelewa. Brazil akaanza kutetemesha mabawa. Nikafungua neti. Akapaa! Akaelea mbele ya maua ya madhabahuni bila kutua, akanyoosha ulimi mpaka ndani ya ua. Kanisa zima likapiga kelele. Mwalimu Anita alisimama kueleza kwamba ni nondo wa hapa hapa. Nani alimsikia? Nimepewa themosi!

Jumatatu, 7 Aprili
Jana usiku Brazil alitoka kupitia dirisha la kanisa, akaenda zake. Mwalimu Anita amekuja nyumbani kunieleza tena, pole pole, kwamba kila shamba la Nyeri linao. Nimemmiminia chai, nikamhurumia. Masomo mengi huchosha kichwa. Nikimsindikiza nimeona konokono kwenye sukuma wiki. Mkubwa. Mtulivu. Ana adabu za kigeni.

Bila shaka ni Mjapani.