Sauti ya Kinu cha Bibi

Jumapili, 3 Machi

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si hata mto wangu: sisikii kitu.

Si kiziwi. Namsikia muuza maziwa, nasikia mlango, namsikia Mama akiniita mara ya kwanza ingawa naitika ya tatu. Ila muziki. Wanachosikia wao, mimi sikisikii. Katika ukoo huu hiyo ni sawa na kuzaliwa na mkia. Masikio ya wanawake wa nyumba yetu yanajulikana mji mzima wa Halab. Hajja Wasila, mwalimu wa muziki, akija kutupigia udi, ile ala yake ya nyuzi, siku ya wageni, wimbo huzunguka, hupanda, hushuka, kisha hurudi kwenye ile sauti yake ya mwanzo wanayoiita nyumbani. Hapo wanawake arobaini hushusha pumzi kwa pamoja: Aaah! Allah! Na mimi pia. Sekunde ileile. Nasifiwa. Huyu Ulfat kachukua sikio la bibi yake, mashallah.

Ukweli: naangalia hereni ya Shangazi Inaam. Ya kushoto. Wimbo ukikaribia nyumbani, shingo yake hulegea na hereni huanza kubembea. Ikigusa kola tu, mimi Aaah! Miaka minne sasa. Nimekosea mara moja, siku aliposinzia.

Leo balaa. Bibi katangaza mezani kwamba udi wa marehemu mama yake, ule uliolala juu ya kabati umefungwa kwa shuka, sasa utapata mwenyewe. Atapewa mjukuu atakayechaguliwa na Hajja Wasila kuwa mwanafunzi wake. Mimi, au binamu yangu Rudaina. Mtihani ni Alhamisi tarehe 14, siku ya Bibi ya kupokea wageni, ya mwisho kabla ya Ramadhani. Hajja atapiga wimbo na kuukata ikiwa imebaki sauti moja tu. Sisi tuimbe hiyo moja. Tuurudishe wimbo nyumbani. Mbele ya watu.

Nautaka udi ule tangu nina miaka sita. Siku moja nilipanda kiti nikaugusa juu ya shuka. Ukanijibu. Hilo pia sijamwambia mtu.

Rudaina kaniuliza kama naogopa. Nikasema naogopa nini. Kasema basi mbona natia chumvi kwenye chai.

(Naandika ndani ya daftari la imla ya Kifaransa. Humu nyumbani hakuna atakayelifungua. Hata mimi sijawahi kulifungua kwa hiari.)

Jumatatu, 4 Machi

Sina wasiwasi. Hereni ipo.

Jumatatu hiyohiyo, baada ya alasiri

Hereni haipo! Hajja Wasila katuita kwake mimi na Rudaina kututayarisha. Kasema siku ya mtihani tutakaa tumewapa wageni mgongo, kwa sababu mwaka juzi kuna msichana aliyefaulu kwa nyusi za mama yake. Kisha kaniangalia. Au nimejishuku tu.

Halafu somo. Hajja anasema sauti si vijiti vya kuhesabu, kila moja ina hali yake kutokana na pale ilipo ukilinganisha na nyumbani. Ya kwanza ndiyo nyumbani: unavua viatu. Ya tano ni kwa jirani mwema: unakaa, unakunywa kahawa, lakini hulali huko. Ya saba ni mtu aliyesimama kizingitini pa nyumba yake mwenyewe, ufunguo mkononi, haingii. Huna raha mpaka aingie. Kasema: usihesabu, mwanangu, sikiliza inakugusa wapi.

Akapiga ya tatu, akaniuliza naionaje. Nikasema tamu. Akauliza tamu vipi. Nikasema kama sukari. Rudaina kasema yeye anaiona kama mtu anayecheka huku machozi yanamlenga. Hajja kambusu kwenye paji la uso. Mimi kaniambia nile biskuti.

Njiani Rudaina kanifariji. Sikuomba.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Akili imenijia darasani. Sista Clotilde ana chati ukutani: do, re, mi, kila noti kwenye mstari wake, haihami wala haitahama. Hajja hana chati, ana hadithi za majirani na kahawa. Namwamini mwenye chati.

Basi mambo rahisi. Hajja huanza na kumaliza na waya uleule, kila wimbo, kila mwezi. Kwa hiyo nyumbani ni sauti moja! Sihitaji kuzijua hali zao zote hizo. Naikariri hiyo moja, siku ya siku naitoa, nachukua udi.

Nikapita kwa Hajja kwa kisingizio cha kurudisha sahani. Nikamwomba apige nyumbani mara moja tu. Kapiga. Nikaibana ndani ya mdomo, mmmmm, nikatoka nayo. Dakika kumi na mbili hadi kwetu. Mama Zuhdi jirani yetu akanisalimia, habari za mama yako? Mmmmm. Hajambo bibi? Mmmmm. Kaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kasema ninaumwa jino na dawa ni karafuu, akanisukumia karafuu mdomoni. Nimefika nyumbani na sauti na karafuu.

Kisha nikagonga kila kitu. Sinia, ndoo, bilauri, birika, tundu la ndege (ndege kakasirika). Hakuna. Mwisho nikagonga kinu cha shaba cha Bibi, kile cha kupondea nyama ya kibe, yale madonge yetu ya nyama na ngano. Wallahi! Meno yangu yote yakatetemeka pamoja nacho. Ndiyo yenyewe! Hata asiyesikia angejua.

Nyumbani ni kinu. Nani angefikiri.

Jumamosi, 9 Machi

Nimegonga kinu mara mia mbili leo. Taabu: ukiwa jikoni unagonga kinu, watu wanakupa vya kuponda. Nimeponda vitunguu saumu, lozi, pilipili manga, tena saumu. Mama kalia kidogo kwa furaha. Kampigia simu Shangazi Inaam kumweleza kwamba Ulfat sasa amekuwa mtu wa nyumbani. Nanuka.

Taabu kubwa zaidi: sauti haikai. Nikiacha kuivumisha, inayeyuka. Nikihesabu hadi thelathini nimebaki na saumu tu.

Suluhisho: siku ya mtihani nitagonga kinu jikoni, nitaibana mdomoni na kwenda nayo moja kwa moja hadi atakapokaa Hajja. Hatua ishirini na sita. Nimezipima.

Jumanne, 12 Machi

Rudaina anaimba akipanda ngazi. Anaimba akimenya karoti. Leo kaimba mlio wa mlango wetu, kisha akaumalizia, eti mlango unaishia pabaya na unamsikitisha.

Hatua ya pili ya mpango. Nimempa chupa nzima ya achari ya pilipili kali, ile ya Mama yenye siki ya zabibu, inayokwaruza koo siku tatu. Nikasema ni zawadi, sisi ni ndugu. Macho yakamlenga machozi. Kanikumbatia. Nikahisi kama nimemeza kijiko.

Lakini udi ni udi.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tisa wageni wamejaa ua mzima na baraza. Nikaingia jikoni. Nikagonga kinu. Nikaibana. Mmmmm. Nikatoka.

Nilipima hatua. Sikupima wanawake! Siku ya wageni huwezi kupita bila kubusu kila shavu. Mama Zuhdi: jino bado? Mmmmm. Bi Nazmiya: utakula kibe nyingine? Mmmmm. Nimekula kibe tano kwa midomo iliyofungwa, sijui vipi. Bi Samiha kanishika mkono. Ati nasikia Kifaransa chako kizuri, utawafundisha wanangu pacha Ramadhani nzima, kila siku? Mmmmm. Kawageukia wenzake: mmeona adabu? Wasichana wa siku hizi wana maneno mengi, huyu hafungui hata mdomo!

Nikafika. Tukakaa, mgongo kwa wageni. Hajja Wasila akafungua kinywa na ikatoka sauti ya gunia linaloburutwa. Akaomba radhi. Kasema Rudaina, Mungu amweke, kamletea chupa ya achari tamu ajabu, kaimaliza na mkate jana kwa kikao kimoja.

Achari yangu!

Kwa hiyo leo, kasema, koo halipandi. Nyumba tutaishusha chini kidogo. Akalegeza waya zote. Wanawake wakaitikia, haya Hajja, kama jambo la kawaida. Kumbe ni jambo la kawaida! Kumbe hufanya hivyo mwimbaji yeyote akiwa na mafua! Sikujali. Noti haihami. Chati.

Rudaina wa kwanza. Hajja kapiga, kakata. Rudaina kaimba ya mwisho, akaongeza pambo, akaongeza jingine, akapanda, akatetemesha, akarudi, akapanda tena. Hajja kasema: mwanangu, nimekuomba ufunge mlango, umenifungulia madirisha matatu. Ua mzima ukacheka.

Mimi. Hajja akapiga. Wimbo ukaja, ukaja, ukakatwa. Nikafungua mdomo nikatoa kinu.

Ya Rabbi.

Hata mimi nilisikia. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu wakati wanaoga. Nyuma yangu bilauri imewekwa chini. Shangazi Inaam kasema, kwa sauti ya chini ambayo ilifika kila mahali: huyu ni wa kwetu kweli?

Hajja hakukasirika. Kasema tena. Kapiga upya. Sasa sikuwa na kinu, kilishatoka. Sikuwa na hereni. Sikuwa na kitu chochote. Wimbo ukashuka, ukafika kwenye sauti ile moja kabla ya mwisho, ukasimama. Na pale, sijui, ilikuwa imesimama tu. Ufunguo mkononi. Kizingitini. Haiingii. Watu wote kimya na yenyewe imesimama pale hewani, ikaniuma hapa, chini ya koo, nikaona siwezi kuvumilia, ingia basi, ingia jamani, na koo langu lenyewe likaisukuma ndani.

Aaaah!

Huyo nilikuwa mimi. Nilishusha pumzi kabla ya wote. Kisha nyuma yangu wanawake arobaini: Allah! Allah!

Hajja akauliza nani kaniambia. Nikasema hakuna. Akaniangalia sana. Kisha kamwambia Bibi: Rudaina ana koo, atakaa nami mbele aimbe. Huyu koo hana, mmesikia wenyewe, ila sikio analo. Mpeni udi.

Bibi kapanda kiti mwenyewe kuushusha. Vumbi likatuangukia sote. Rudaina kanibusu pande zote mbili, kasema alijua tangu awali, kasema eti achari ile ilikuwa wazo zuri sana.

Usingizi hauji. Udi uko hapa kitandani. Nimeugusa bila shuka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekaa leo nikifikiri jinsi nilivyofaulu, ili nisisahau.

Ni kinu.

Hakuna maelezo mengine. Mara ya kwanza kilikosea kidogo kwa sababu kilikuwa na saumu ndani, jambo ambalo lingetokea kwa kinu chochote. Mara ya pili ile sauti ilikuwa imeshatulia tumboni, ikasafishwa na kibe tano, ikatoka sawasawa. Huo mguso chini ya koo ni saumu vilevile. Hajja naye anaweza kusema anachotaka kuhusu kizingiti na majirani. Mimi nina ushahidi.

Kwa hiyo: nimekiosha kinu kwa siki na majivu. Jumapili ndiyo somo la kwanza na nitakwenda nacho. Kina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Nitakifunga kwenye shuka ya udi, udi nitaubeba mkononi. Na kwa kuwa Hajja ana tabia ya kuhamisha nyumba, nitahitaji vinu vingine viwili, kidogo na kikubwa. Mama Zuhdi anacho kikubwa. Nitamwendea kwa habari ya jino.

Pacha wa Bi Samiha wamekuja asubuhi na madaftari. Nimewajibu mmmmm wakaondoka. Inafanya kazi kwa kila kitu.

Ngoja.

Hatua ukumbini. Ndara za Bibi. Leo Ijumaa, kibe inataka kupondwa, na anauliza kila mlango kinu chake kiko wapi. Kiko chini ya kitanda changu, kimelazwa kwenye shuka ya udi.

Zinakuja. Zimepita chumba cha Mama. Zimefika.

Zimesimama.

Mbona haingii? Amesimama tu hapo kizingitini. Jamani aingie, amalize, inaniuma hapa chini ya koo, siwezi, ingia basi!

(Ajabu. Itakuwa saumu.)

Kitasa kinageuka. Daftari, haraka, ndani ya kinu