Tumainieli na Duveti la Manyoya ya Bata Ukingoni mwa Ndiva

Sogezeni vigoda, enyi watu wa milimani na wa tambarare, nanyi mnaoota jua pale stendi ya Hedaru mkidhani Upare wote una joto kama lenu! Zimeni redio, nyamazisheni watoto, maana vinasimuliwa vita ambavyo wakubwa hawakuvijengea mnara, wala hawatavijengea, kwa kuwa mnara unahitaji kikao, na kikao kinahitaji soda.

Alikuwapo Tumainieli, mgane wa Beatha, jemadari wa tangawizi, mwenye magoti yanayolia kama mlango wa kanisa. Mtu asiyemsamehe kiongozi yeyote tangu siku ile Beatha alipolihitaji gari la wagonjwa, nalo likawa limekwenda kubeba viti vya harusi. Shamba lake lilikuwa chini ya ndiva, bwawa la udongo walilolichimba mababu, linalojaa maji usiku na kufunguliwa alfajiri kwa zamu. Na sheria ya ndiva ni kongwe: mwenye zamu hulala ukingoni akilinda kizibo, na kukipambazuka huitwa mara tatu; asipoitika, maji yake humwendea anayemfuata. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Zamu ingempotea, tangawizi yake ingekufa kabla nyingine haijamfikia.

Zamani walinzi waliota moto. Lakini kamati ya maji, chini ya Mwenyekiti Anderson, ilijifungia ofisini, ikafunga na madirisha, ikanywa chai, ikapiga marufuku moto ukingoni. Eti kulinda msitu. Wajumbe wakashangilia kwa makofi, na mikono yao ikazidi kupata joto. Tangu hapo, ukungu wa mlima Shengena ukishuka, walinzi hukimbia mmoja mmoja kurudi kwa wake zao. Tumainieli angekimbilia kwa nani? Nyumbani nako alikuwa na baridi nyingine.

Ndipo Irine, bintiye, mpishi wa watalii wapandao milima, alipowasili na silaha ndani ya kifuko kisichozidi mkate. Akavuta, kikatoka kitu kama wingu: mfarishi, ambao watu wa mjini huuita duveti, umejaa manyoya ya bata, mwepesi hata upepo ungeuiba.

“Mwanangu,” akasema Tumainieli, “nimekuomba blanketi, umeniletea pumzi?”

“Baba, ndivyo lilivyo. Joto linakaa humo kwenye kuvimba kwake. Usililalie, tena usilikandamize na kitu. Chini tandika majani makavu, wewe jifunike tu.”

“Yaani leo bata amfundishe Mpare kulala!”

Jua likazama, shujaa akapanda ukingoni. Na tazama, ng'ambo ya maji alikuwa amekwisha piga kambi Clemence, shemeji wa mwenyekiti, mwenye zamu inayofuata, aliyejihami kwa mablanketi mazito mawili na chupa ya chai.

“Shikamoo, Baba Irine.”

“Marahaba. Umekuja kunizika?”

“Hapana, kukusindikiza nyumbani. Na hiyo nailoni ni ya nini, unaanika mpunga?”

“Cheka. Shemeji yako akicheka huku juu, basi ujue kuna kura.”

Sasa sikieni kosa la shujaa. Milimani blanketi huheshimiwa kwa uzito. Lisilokubana mbavu si blanketi, ni mapambo. Tumainieli akalitandaza duveti, akalishindilia juu yake blanketi la kale la Beatha, na koti la mvua, na magunia yaliyojaa majani ya migomba, na kwa usalama zaidi akaweka jembe, kisha akajipenyeza chini. Duveti likalala bapa kama chapati. Baridi ikaja kwa vikosi: kikosi cha miguu kikashika vidole, kikosi cha ukungu kikazingira kiuno, na jemadari wao akaketi mgongoni pasipo kukaribishwa.

“Ewe baridi!” akanguruma Tumainieli, meno yakigongana. “Wewe si adui yangu! Umetumwa! Mbona hupandi ofisini kwao? Mbona hujui nyumba ya mwenyekiti?”

“Inajua,” akajibu Clemence, “ila kule kuna jiko la mkaa.”

Neno hilo lilimchoma kuliko baridi. Akalitupa jembe, akayasukuma magunia, akalirusha blanketi, akainuka aende zake na tangawizi ife. Lakini alipoinama kulikunja duveti, akaliona linavimba, taratibu, kama kuku atamiaye akijipanga juu ya mayai. Akasita. Akaingia chini yake, ajaribu tu, mara moja.

Halikuwa joto la moto, lenye moshi na kelele. Lilikuwa joto la mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda. Tumainieli akafumba macho, na walio wakubwa wakapumzika kutukanwa.

Baadaye sauti ikavuka maji, nyembamba. “Baba Irine... hapo pembeni hakuna nafasi?”

“Ipo. Ila inahitaji kikao.”

Clemence akakusanya mablanketi yake akateremka kwake.

Usiku wenyewe hauna habari, maana shujaa alilala. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa! Kulipopambazuka mwenyekiti akafika ndani ya jaketi nene, akaita: “Tumainieli!” Kimya. “Tumainieli!” Shujaa akasikia kwa mbali, lakini tangu msiba hakuwahi kulala hivyo, na joto likamshika mkono likimwambia, kaa. Kaa hata kidogo. Akaifikiria tangawizi, majani yake yaliyojikunja. Mwenyekiti akajaza kifua kwa mara ya tatu, na furaha ikimjaa usoni.

“Tumai...”

“Nipo!”

Kichwa kikachomoza. “Nipo, Mwenyekiti, na sijawasha moto.”

Akainuka akiwa amejiviringisha duveti, pindo kalinyanyua kama bibi harusi lisiloane, akashuka majini, akang'oa kizibo kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakanguruma mferejini kuelekea tangawizi.

Mwenyekiti akajikuna. “Hicho kidude, Baba Irine, kamati ingependa kukiazima kwa majaribio.”

“Kamati ijifunike sheria yake.”

Na iandikwe, wajukuu wasomeshwe: katika utawala wa kamati ile, mgane mmoja wa Upare alilala ukingoni mwa ndiva, hakukimbia, akaitika, na shamba lake likanywa maji.