Mlivyomuua Kishindo Kabla Baba Mkwe Hajamaliza Kitabu

Kwa Mhariri wa ukurasa wa "Wasomaji Wanasema"

Ndugu Mhariri ambaye bado sijapata bahati ya kukunyoa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni kinyozi. Nina duka la viti viwili na kioo kimoja kirefu, mkabala na fundi wa mabango. Afya yangu ni nzuri, mashine zangu zinakata vizuri, na nisingekusumbua hata kidogo kama gazeti lako lisingeniharibia nyumba. Nasema nyumba, si duka. Duka litapona lenyewe.

Nalalamikia maoni unayochapisha kila Alhamisi juu ya kile kitabu cha katuni cha Kishindo, ambacho ninyi watu wa magazeti mnakiita riwaya ya picha. Najua umekisoma, maana nani hajakisoma? Kwa wachache waliokuwa safarini, Kishindo ni fundi umeme aliyerushwa na nyaya juu ya nguzo, akaanguka, akazinduka akiwa anaweza kusimamisha treni kwa kiganja. Basi akavaa barakoa na joho la kijivu, akaanza kuulinda mji dhidi ya mhandisi mmoja mwenye roho mbaya anayetaka kulibomoa bwawa. Nilinunua nakala moja kwa ajili ya wateja, na tangu siku hiyo duka langu likajaa watu wasio na nywele za kunyoa.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Dukani kwangu kuna sheria moja tu: kitabu husomwa na anayesubiri zamu. Ukiitwa kitini, unaweka kipande chako cha karatasi pale ulipoishia, unampa anayefuata. Kwa hiyo kila mtu amefika pake. Muuza mitungi ya gesi amefika kwenye treni. Mwalimu wa hesabu yuko kwenye moto wa ghala, na amekwama hapo kwa sababu nywele zake huota taratibu. Hakuna anayeruhusiwa kugusia ukurasa ambao mwenzake hajaufikia, na watu waliulizana "umefika wapi?" hata kabla ya kujuliana hali. Tuliishi kwa amani, Mhariri. Halafu Alhamisi ile mkachapisha maoni ya mtu anayejiita Mpenzi wa Haki, na juu yake mkaweka kwa herufi nene: KISHINDO HAKUSTAHILI KUFA BWAWANI. Kwenye kichwa cha habari! Kama mngekificha chini kabisa, karibu na matangazo ya viwanja, tungesema bahati mbaya. Muuza gesi alikuwa kitini, nimemaliza upande mmoja wa kichwa, gazeti liko mikononi mwake. Aliinuka na shuka langu shingoni, akatoka nje kutafuta hewa, na upande wa pili hajarudi kuumalizia mpaka leo. Watu wanamwona mtaani wanauliza ni kinyozi gani yule.

2. Maoni yenyewe mnayatoa wapi? Mama mmoja ameandika kwamba Kishindo ni mfano mbaya kwa vijana kwa sababu hutoka kupitia dirishani bila kumuaga mama yake. Msomaji Makini analalamika kwamba kitabu cha picha kina picha nyingi mno. Mwingine amekipa nyota moja kwa sababu nakala aliyoazima kwa shemeji yake ilikuwa na madoa ya mafuta ya kupikia. Na huyu anayejiita Daktari, bila kusema daktari wa nini, amejaza safu nzima akithibitisha kwamba kiganja hakiwezi kusimamisha treni, kisha katika sentensi ya mwisho akakiri kwamba kitabu hajakisoma, alikichungulia kwa jirani yake ndani ya basi. Huyo mkampa na picha yake juu ya safu.

3. Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hayo mawili ya juu yalikuwa ya kupasha misuli.

Baba mkwe wangu ni karani mstaafu wa mahakama. Alitaka binti yake aolewe na mtu mwenye ofisi na kiti kinachozunguka. Mimi nilimjibu kwa adabu kwamba kiti changu pia kinazunguka, tena kinapanda na kushuka, na jibu hilo halikunisaidia. Tangu harusi alikuwa hajatia mguu dukani kwangu. Tukikutana kwenye shughuli za ukoo tulisalimiana kama watu waliokaa benchi moja hospitalini. Mke wangu alikwenda kwao peke yake, akarudi na macho mekundu, na mimi nilijifanya natafuta mkasi.

Kisha siku moja mzee akaingia. Hakunitazama. Aliuliza, akikielekea kile kioo kirefu, kama hapa ndipo palipo na kile kitabu cha Kishindo. Nikampa kwa mikono miwili. Akakaa mwisho wa benchi, akavaa miwani. Zamu yake ilipofika akampisha mtu wa nyuma yake. Akampisha na wa nyuma ya huyo. Hatimaye nikamnyoa, na kabla wiki haijaisha akarudi tena. Nywele za mzee, Mhariri, haziendi kwa kasi hiyo. Nilimnyoa nywele ambazo hazikuwepo, napitisha mashine juu juu ili walau mlio usikike. Kidogo kidogo tukaanza kuzungumza. Kwanza mvua, halafu Kishindo, halafu siku moja akaniuliza kama binti yake bado anasumbuliwa na mgongo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka. Niliporudi nikasema unywele umeniingia jichoni, na yeye akakubali, ingawa nilikuwa nimelia kwa macho yote mawili.

Kipande chake cha karatasi kilikuwa kimefika katikati ya kitabu. Kishindo mzima kabisa, hana hata mkwaruzo. Ndipo ninyi mkamuua! Tangu Alhamisi ile mzee hajaonekana, na gazeti lenu analisoma kila siku. Nani atakuja kukaa kwenye benchi gumu kumfuatilia marehemu?

4. Mke wangu anasema kosa ni langu. Anasema mtu mwenye akili timamu haweki kitabu na gazeti juu ya meza moja. Nilipomjibu kwamba kosa ni la Mhariri, akasema sawa, mwandikie huyo Mhariri wako, na mwambie yeye ndiye atakayekupikia kuanzia leo. Nafikisha ujumbe kama nilivyopewa. Huwa sili pilipili.

Kwa kuwa mimi si mtu wa ugomvi, maombi yangu ni madogo. Naomba kwanza gazeti liombe radhi. Kisha litoe masahihisho, ukurasa wa mbele, kwamba Kishindo hajafa. Usiniambie haiwezekani. Mliwahi kuandika kwamba mchezaji mmoja wa zamani amefariki, kesho yake akaja ofisini kwenu kwa miguu yake akiwa na hasira, nanyi mkaandika kwamba alizimia. Basi hata Kishindo anaweza kuwa amezimia.

Ili kukupunguzia kazi, nimekwishaanza mwenyewe. Fundi wa mabango amechora ukurasa mpya wa mwisho na tumeubandika juu ya ule wa zamani. Kazi yake ya kila siku ni kuchora vichwa vya mitindo ya nywele kwenye milango ya vinyozi, kwa hiyo Kishindo anatoka bwawani akiwa mkavu, amechongwa nywele vizuri pembeni, anatazama upande. Yule mhandisi mbaya naye amechongwa. Maji ya bwawa hayakupata nafasi. Lakini shujaa yuko hai na ana afya, na hilo ndilo tunalolitaka. Nakuambatanishia nakala uichapishe kama mwisho rasmi, na mwandishi wa kitabu apewe taarifa kwamba mambo yamebadilika.

Kuanzia sasa, kila anayetaka kutoa maoni juu ya kitabu chochote apite kwanza dukani kwangu. Atakaa kitini, nitamfunga shuka, nitamwekea wembe shingoni na kumuuliza kama kweli amekisoma. Katika miaka yangu ya kazi sijawahi kuona mtu akidanganya akiwa katika hali hiyo. Msomaji Makini ndiye aanze, na Daktari amfuate hata kama hana miadi.

Mwisho naomba wewe mwenyewe, Mhariri, uvae suti, uende nyumbani kwa baba mkwe, umwambie kwa kinywa chako kwamba gazeti lilidanganya. Na iwapo hilo litakuwa gumu, basi lifungeni gazeti kwa muda mpaka mzee amalize kitabu. Habari za dunia zitasubiri. Ukizingatia mwendo wake wa kusoma na mwendo wa nywele zake, hamtapata hasara ya kutisha.

Nimeeleza yote bila kupandisha sauti, kama utakavyokuwa umeona kwa mwandiko. Wasalimie sana wapiga chapa, na dereva wa gari la magazeti, na mlinzi wa getini ambaye naamini angenisikiliza kuliko wewe. Msalimie na yule msahihishaji aliyekiacha kile kichwa cha habari kipite. Hata Mpenzi wa Haki msalimie. Mwambie karibu dukani, ila asichague kiti cha kushoto, mashine ya upande huo inavuta nywele.

Ni mimi, mwenye majonzi na mikono iliyotulia,

Kinyozi wa mkabala na fundi mabango

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha baba mkwe alipoingia. Amevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio. Kumbe alikuwa amelala na mafua. Zahanati wamemwambia kwamba kichwa cha umri wake hakitakiwi kunyolewa mara nyingi kiasi kile, baridi ndiyo imepitia hapo. Kwa hiyo aliyemfukuza mzee si Mpenzi wa Haki. Ni mimi na mashine yangu.

Barua hii ilikuwa mezani. Akaichukua bila kuomba, akaanza kuisoma kwenye jina langu la chini, akapanda aya kwa aya mpaka akafika kwenye salamu. Nikamuuliza mbona anaanzia mwisho. Akanitazama vile makarani wanavyomtazama mtu aliyekuja bila kitambulisho.

"Miaka yote mahakamani faili nimelisoma kuanzia hukumu," akasema. "Siwezi kuhangaika na mambo ya mtu sijui kama ataachiwa."

Kifo cha Kishindo alikisoma siku ile ya kwanza, hata kiti hakijapata joto. Maoni ya Mpenzi wa Haki ameyasoma pia, anaona yana hoja, ila ni marefu. Ukurasa wa fundi mabango ameubandua kwa ukucha, taratibu, na kusema kwamba huko alikotoka kazi ya namna hiyo iliitwa kughushi.

Basi nikamuuliza, kama mwisho wa kitabu alikuwa anaujua, siku zote zile kwenye benchi alikuwa anasoma nini. Akavua miwani, akapangusa pua kwa muda mrefu.

"Mzee mzima nitaingiaje kwa mkwe wangu nikae tu, sina shughuli?" akasema. "Kitabu kilinipa shughuli."

Kwa hiyo, Mhariri, usiombe radhi. Usisahihishe chochote, usifunge gazeti, na suti irudishe kabatini. Waache wasomaji waseme wanavyotaka, hata Daktari. Sikupeleki mbali zaidi kwa sababu nina mtu dukani. Mteja mwingine hayupo, lakini mzee amekaa mwisho wa benchi na anasema anasubiri zamu yake. Nimemweleza wazi kwamba kichwani hakuna cha kunyoa, na kwamba zahanati wamekataza. Amesema hana haraka.