Nywila ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025
Shemeji Chediel, kaka wa mke wangu Severina, kaniletea kazi ya kuchapa hapa stationery kwangu! Historia ya ukoo wao, nakala hamsini, zigawiwe Jumamosi kijijini kwao Mtinko mbele ya wakwe wote. Faili limefungwa kwa nywila. Ataituma Ijumaa. Anaogopa lisivuje, utadhani mtihani wa taifa. Severina kaponyokwa na siri kwamba humo nina ukurasa wangu. Ni wale nyuki tu! Mwaka jana niliweka kimyakimya mzinga wa kisasa kichakani nyuma ya nyumba ya wakwe, siku ya ubatizo pale nyumbani wakatoka, katekista akajificha zizini. Ukurasa huo lazima ufutwe, la sivyo Mtinko sikanyagi tena.

Jumanne, 3 Juni
Nimejaribu 123456. Jina la Chediel, la mbwa wake, la timu yake. Wapi! Nikabadili mwisho wa jina la faili ili kompyuta idhani ni picha. Haikudhani. Nikalilazimisha lifunguke kama barua. Likamwaga alama za ajabu, printa ikatema kurasa arobaini kabla sijachomoa waya. Benjamin, mwenye stationery ya ng'ambo ya barabara, akaja kuazima stepla, akauliza kama ni Kichina. Nikasema ndiyo, nina mteja. Akaondoka kanywea. Siku haikupotea bure.

Jumatano, 4 Juni
Chini ya kisanduku cha nywila kuna kidokezo: jina la utotoni la Mama. Mama mkwe wangu! Miaka kumi na miwili ya ndoa, kwa mila ya kutomtaja mkwe, sijalitaja jina lake lolote, na hilo la utotoni silijui. Nikamuuliza Severina kwa kuzungukazunguka. Akaniuliza kama nina homa. Nikachapa fomu ya "Utafiti wa Majina ya Asili", nikagonga mhuri wa stationery, nikapanda bodaboda hadi Mtinko. Nikaipitisha mlangoni huku nimegeukia ukuta, kwa adabu. Mama akajaza, akaomba nimsalimie huyo mtafiti. Jina ninalo! Hapa siliandiki.

Alhamisi, 5 Juni
Je, kulibonyeza ni kulitaja? Nimewaza asubuhi nzima. Nikafumba macho, nikabonyeza. Kosa. Nikabonyeza kwa kiwiko. Kosa. Yamebaki majaribio mawili, kisha faili linajifunga moja kwa moja! Ikabidi nimwite Benjamin, ambaye hajaoa kwao. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa dharau. Likafunguka!

Ukurasa wangu una mstari mmoja: mkwe wetu Antipasi, mpole, anaishi Utemini. Nyuki hawamo! Nikafurahi dakika tano. Kisha nikakasirika. Mstari mmoja? Na kimya hiki kuhusu nyuki si bure, wanataka kunisema kwa mdomo. Nimeongeza kurasa tatu za kujitetea. Zote hamsini zimechapwa.

Jumamosi, 7 Juni
Kurasa zangu tatu zimesomwa kwa sauti. Kumbe walidhani nyuki walikuja wenyewe! Baba mkwe akauliza mara mbili mzinga ulikuwa wa nani. Katekista akavua kofia, akaonyesha kovu alilolipata akikimbilia zizini. Chediel akaona tarehe ya Alhamisi chini ya kurasa zangu, akataka kujua nilifunguaje faili kabla ya Ijumaa. Nikaeleza utafiti wangu wa majina. Mama mkwe akaingia ndani, akafunga mlango. Nimetozwa mbuzi wawili, mmoja wa nyuki, mmoja wa jina. Severina amebaki kwao.

Jumapili, 8 Juni
Toleo jipya atachapa Benjamin. Fitina hizo. Nimetafakari kwa utulivu, nikaliona kosa langu: kurasa tatu zilikuwa chache, hawakunielewa. Nimeanza nyongeza ya kurasa tisa, pamoja na mchoro wa mzinga. Nakala mia.