Divai Nyeupe Imeninyima Sababu ya Kukukataa

Kwa kijana unayetaka kumwoa binti yangu,

Pokea salamu zangu, ingawa nakuandikia kukushtaki. Kwa kuwa sijui ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya wachumba, nayaleta kwako mwenyewe.

Unajua kwamba hadi nastaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yangu ilikuwa kuingia dukani nikitabasamu na kutoka na kosa la mtu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo ulipoleta posa niliomba muda ili niitafute yako. Nilikualika chakula cha jioni kwa nia hiyo tu. Nawe ukaja na divai nyeupe za Hispania, na tangu hapo uchunguzi wangu umevurugika. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mara ya kwanza nilikaanga samaki hadi akawa mgumu kama kandambili. Nilifanya makusudi, nione utakavyokunja uso. Ulifungua chupa ya Albarinyo, baridi, yenye ukali wa ndimu, ukanimiminia kidogo, na samaki yule akalika. Mimi mwenyewe niliongeza kipande, jambo ambalo sijakusamehe.

2. Divai ya pili ilikuwa ya kumiminwa kutoka juu, ati ndivyo wanavyoinywa huko Hispania. Ulipoinua chupa juu ya kitambaa changu cheupe cha meza nilifurahi, nikajua leo umepatikana. Halikudondoka hata tone.

3. Nikasikia kwamba siki huua ladha ya divai. Nikamwaga siki kwenye saladi hadi binti yangu akapiga chafya. Ukachungulia bakuli, ukasema kwa adabu iliyopitiliza kwamba saladi hii nayo ina mwenzake, kisha ukatoa mfukoni divai kavu, isiyo na utamu, yenye harufu ya lozi. Mtu mwema hutembeaje na chupa ya akiba?

4. Nilimwita kaka yangu anisaidie kukutia doa. Huyo hajasifu kitu tangu tukiwa watoto. Baada ya kuku wa limau na glasi mbili za divai yako ya Verdeho alianza kukuita mkwe, kisha akasimulia vituko vya marehemu mume wangu. Nilicheka, nikalia kidogo. Meza yangu haikuwa na kelele namna ile tangu tumzike.

5. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipoinuka kukutafutia jembe nilikukuta jikoni unafuta glasi, ukiziinua kwenye taa moja moja na kuzikagua. Hiyo ni dharau kwa taaluma yangu.

Kwa hiyo nadai uache mara moja kuleta divai, ili nikukatae kwa haki. Na ukweli wenyewe, mwanangu, ni huu: huyu ni kitindamimba wangu. Akiondoka nitapika chakula cha mtu mmoja na kukila nikisikiliza friji inavyonguruma. Naliogopa hilo kuliko kasoro yoyote uliyonayo.

Wasalimie baba na mama, dada zako wote, na yeyote aliyekufundisha kuchagua divai. Huyo mwambie nina neno naye.

Ni mimi, mwenye binti na mwenye malalamiko.

Baada ya kuandika: Nimekubali. Kaka yangu atawaita wazee wenu wiki hii. Sharti langu ni moja tu, kwamba Jumapili zenu ni zangu, na chupa ziwe mbili kwa sababu mjomba naye atakuwepo. Usipige hodi, ufunguo wako wa mlango wangu nimeshauchongesha.