Simba wa Palma

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata dawa ya aibu! Tangu kazi yangu ya kambi ya gesi hapa Palma ilipokwisha, mke wangu Zubeida ndiye anayelisha nyumba kwa pweza wake. Mimi barazani watu wakiniona wanakohoa. Si mafua. Leo Jerónimo, mwalimu wa biolojia, katueleza kwamba simba dume hulala kutwa. Wanaowinda zaidi ni majike. Nyama ikifika, dume anakula wa kwanza! Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikamwambia Zubeida asinione nimekaa bure. Mimi ni simba. Alikuwa anamponda pweza. Akamponda kupita haja.

Ijumaa, 8 Agosti
Zubeida kamwuliza Jerónimo mwenyewe. Kumbe simba dume ana kazi ya kulinda! Basi nyani wanamaliza mihogo yetu shambani, simba akalinde. Nikaenda. Nikanguruma. Kundi likarudi nyuma, akabaki jike mmoja, mtoto mgongoni. Akang'oa muhogo mbele yangu, akatafuna, akanitazama. Nikamrushia kandambili. Akaichukua! Nimerudi mguu mmoja mtupu. Jirani yangu Mshamu alikuwa uani anafua nguo za mkewe, mwanamume mzima! Akaniuliza himaya i salama? Nani kamwambia?

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa. Wanawake wa pwani wamemchagua Zubeida akawasemee kwa wanunuzi wa pweza, mjini Mocímboa da Praia. Anaondoka kesho, analala huko. Nikasema haiwezekani: binti yetu Haula kaachishwa ziwa juzijuzi, nani atamlea? Zubeida akatabasamu. Hapo nikajua nimekwisha. Akasema Jerónimo kamwonyesha kwenye simu samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, yule wa kwenye majani ya bahari. Dume ndiye anayebeba mimba. Na anazaa mwenyewe! Nikasema samaki huyo hakupata wazee wa kumshauri. Zubeida akasema mimi ndiye niliyewaleta wanyama nyumbani, nisianze kuwachagua.

Jumapili, 10 Agosti
Haula analia. Nimempa uji, analia. Nimenguruma kidogo, kalia zaidi. Nikamfunga kifuani kwa kanga ya mama yake, nikapita vichochoroni watu wa baraza wasinione. Wakaniona. Wakakohoa wote. Machozi yakanilengalenga, nikasingizia vumbi.

Mshamu akanivuta uani kwake. Hakucheka. Akafungua lile fundo langu la ajabu, akalifunga upya, akanionyesha namna ya kumpigapiga mtoto mgongoni, taratibu. Akasema hata yeye, kazi ilipokwisha, aliona mikono yake haina maana tena. Kisha akazaliwa mtoto. Haula akalala. Nywele zake zinanukia nazi. Nilipofika nyumbani sikutaka kumlaza chini.

Jumatatu, 11 Agosti
Zubeida karudi! Wanunuzi wamekubali masharti ya wanawake. Kanikuta nimekaa kwenye mkeka mlangoni, Haula kalala kifuani, mkono wangu wote umekufa ganzi. Akakaa kando yangu, akaniegemea begani. Hajafanya hivyo tangu kambi ifungwe.

"Baba Haula," akasema, "nani kakuita mvivu humu ndani? Mimi sitaki simba. Nataka mwenzangu."

Nikachukua kapu lake nikalitia ndani. Nikaapa moyoni: basi, wanyama na waende zao, mimi ni mtu.

Jumatano, 13 Agosti
Nyuki! Kwa nini hakuna aliyeniambia habari za nyuki? Jerónimo anasema nyuki dume hakusanyi asali, hajengi, hata mwiba wa kulinda mzinga hana. Majike wanamlisha mdomoni! Na mzinga mzima unaona sawa! Akaanza kueleza yanayowapata madume hao maua yakiadimika na chakula kikipungua, majike wanavyowashika mabawa na kuwakokota hadi mlangoni... Sikungoja amalize. Mwalimu anapenda maneno mengi. Nimemwomba Mshamu, akimkuta Zubeida pwani, amwambie awahi kurudi nyumbani. Nina habari njema.